Onyo la Mtani

Hasira ya fundi Apolinari Haule haikuanza siku ukuta ulipoanguka. Ukuta ni tofali. Ukianguka unanyanyuliwa. Hasira ilianza siku aliposikia anaitwa fundi wa unga, tena na watu aliokula nao ugali.

Huyu Apolinari ni wa Mnero, upande wa Nachingwea. Baba yake alitoka Songea enzi za karanga, Waingereza walipofyeka msitu wapande karanga, karanga zikawakataa. Wenzake wakarudi kwao. Yeye akaoa, akabaki, akazikwa hapohapo. Apolinari akakua Mngoni asiyeijua Songea. Shule hakuiona. Alibeba maji ya mafundi wa misheni, akaja kubeba tofali, na siku moja fundi mmoja akaumwa macho, kijana akashikishwa mwiko. Mwiko ule hakuurudisha tena.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza mtu wa Mnero nyumba fulani kaijenga nani, atakuambia tazama pembe. Pembe ikisimama kama askari mbele ya mkubwa wake, hiyo ya Apolinari.

Kusoma, alisomewa. Mkewe Marselina alikuwa mwanakwaya, macho yake na herufi vilielewana. Mkataba ukija aliulaza mapajani, akausoma kwa sauti ileile ya zaburi, na akifika mahali pabaya anasimama. "Hapa panakufunga," anasema. Karatasi inarudi ilikotoka, inanyooshwa, ndipo Apolinari anaweka dole gumba. Miaka yote ile hakuna aliyempeleka mbele ya hakimu.

Marselina akafa masika. Homa, tumbo, basi. Mtu aliyeishi naye maisha yake yote aliondoka kwa siku chache tu, kama nguo iliyochukuliwa na maji.

Ufuta ulipokuwa unavunwa, mkataba ukatoka kijiji kimoja cha Ruangwa, jina lake tuliache. Kujenga wodi ya mama na mtoto. Karatasi zilikuwa nyingi. Apolinari akatia dole kila alipoonyeshwa, wala hakutafuta wa kumsomea. Nyumbani kwake kulikuwa kimya hata kijiko kikianguka unashtuka. Alitaka kazi ya mbali na kimya kile. Wangemwambia akajenge kuzimu, angeuliza tu kama mawe yapo.

Mkataba wenyewe ulikuwa hivi: fundi mikono, kijiji vifaa. Sementi na nondo inanunua kamati. Mchanga, mawe na maji ni nguvu za wananchi. Na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mbaruku.

Hapa lazima Mbaruku aelezwe, maana bila yeye hakuna kisa.

Mbaruku ni Mmwera, mkulima wa korosho, mtu wa swala tano na maneno elfu. Ni mtani wa Apolinari. Babu za Apolinari, Wangoni, waliwakimbiza babu za Mbaruku mpaka porini. Vita vikaisha, utani ukabaki. Mtani atakuita mtumwa, atachukua kuku wako mchana kweupe, na huna pa kushtaki. Lakini utani una kazi nyingine, nao ndio uzito wake. Neno ambalo ukilisema wazi litavunja watu, mtani hulifunga ndani ya kicheko akakupa. Ukifika kwako unalifungua mwenyewe. Ndivyo walivyolelewa wote wawili.

Siku ya kumzika Marselina, Mbaruku alitoka Ruangwa kwa bodaboda, vumbi mpaka kope. Hakutoa pole. Alisukuma watu, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

"Sitoki!" alisema. "Hii nafasi nzuri, Mngoni hawezi kuipata peke yake. Nileteeni jogoo!"

Katekista akasimama na kitabu chake. Wageni kutoka mjini wakatazamana. Apolinari, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu msiba uingie, akamtazama aliyelala kule chini. Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikatoka chote. Jogoo akaletwa, Mbaruku akatoka kaburini, akachukua chepe, na hakuna aliyefukia udongo mwingi kumshinda siku ile.

Basi huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Msingi ukaisha vizuri. Mchanga wa msingi ulitoka mtoni, mbali, kwa lori la mtu. Lori likaharibika. La pili likaahidiwa, halikuja. Wanawake wa kijiji wakasubiri wakachoka. Wodi ile walikuwa wameililia miaka. Walichoka kupakiwa kwenye bodaboda na uchungu wao, mmoja anamshika mama, mwingine anashika taa. Asubuhi moja hawakumuuliza mtu. Walishuka korongoni nyuma ya mikorosho, wakapanda na ndoo vichwani wakiimba, wakamwaga mchanga mbele ya jengo, safari baada ya safari, mpaka ukawa kichuguu.

Apolinari akachota konzi, akasugua. Kiganja kikabaki chekundu. Nusu ya mchanga ule ilikuwa udongo.

Akainua macho. Wanawake wamesimama, jasho linawatiririka shingoni, wanasubiri asante. Mbele yao Mbaruku, mikono kiunoni kama aliyebeba yeye.

"Haya, Mngoni, mali hiyo. Usije ukasema Wamwera hatujui kazi."

"Mali?" Apolinari akasema. "Huu unga wa muhogo wa nyanya yako. Songa, ule."

Kicheko kikapasuka.

"Nyanya yangu mwacheni. Si nyie mliomkimbiza na mtoto mgongoni?"

"Angesimama tungemwoa. Sasa nisikilize, mtumwa wangu. Nikijenga kwa huu, nyumba italala kabla yako."

"Ilale! Tutaitandikia mkeka!"

"Mvua ya kwanza tu. Mtanikumbuka."

"Tukukumbuke kwa lipi? Kwa hiyo pua?"

Bi Swaumu, mkubwa wa wanawake wale, alicheka akakaa chini, ndoo ikamviringika. Apolinari naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kaburini.

Kwa upande wake, alikuwa amesema. Alilisema mara tatu, mbele ya kijiji kizima, kwa njia ambayo mtu na mtani wake hawahitaji nyingine. Alingoja Mbaruku aje jioni peke yake, akohoe, aseme bwana, lile neno lako nimelifungua. Mbaruku hakuja. Asubuhi iliyofuata mchanga ukaja tena kutoka kulekule korongoni, na nyimbo zake.

Hapo angegoma. Kila mtu leo anasema hapo angegoma. Lakini nani angemwambia Bi Swaumu, mwenye umri ule, arudishe mchanga wake korongoni? Apolinari akaongeza sementi kwenye mchanganyiko. Kamati ikalalamika sementi inaliwa. Akapunguza. Akanyanyua ukuta.

Injinia wa wilaya, Valentina, msichana wa kutoka Kagera, alikuwa anafika kwa nadra. Gari moja, majengo wilaya nzima. Alipofika ukuta ulishapita madirisha. Akapima pembe, akasifu, akauliza kama kuna tatizo lolote. Mbaruku akasema hakuna. Apolinari alikuwa juu ya jukwaa. Alisikia. Akaendelea kuweka tofali.

Mbao za paa zikachelewa. Ukuta ukakaa wazi mpaka mwisho wa msimu wa korosho. Kisha mvua ya kwanza kubwa ikaja mchana, ya upepo, ikapiga ukuta wa nyuma kwa ubavu, nao ukalala. Ukalala kweli, chali, kama mlevi. Ulipoanguka haukupasuka tofali. Tofali zilikuwa nzima. Kilichokuwa kati yake kilitiririka chekundu mpaka barabarani.

Hakuna aliyeumia. Hilo ndilo jema pekee.

Apolinari alipofika kesho yake kutoka Mnero, wanawake walishazunguka pale. Hakuna aliyemsalimia. Mmoja tu, kijana, mimba yake kubwa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Fundi wa unga huyo."

Wakacheka. Neno lilikuwa lake mwenyewe. Alilitoa yeye, kwenye mchanga ule, na sasa limerudi limevaa miiba. Akamtafuta Mbaruku kwa macho. Mbaruku alikuwa amesimama karibu na mtendaji wa kijiji, anatazama matope.

"Mbaruku," aliita.

"Tutaongea, fundi," Mbaruku akajibu.

Fundi! Miaka yote ile hakuwahi kumwita fundi. Ndipo hasira ilipoingia. Iliingia kama mwiba wa samaki, unaumeza hujui, ukitaka kuutoa ndio unazama.

Serikali ya kijiji ikapeleka shauri mahakama ya mwanzo. Ilitaka fundi ajenge upya kwa mikono yake, na azuiwe kupewa tena kazi yoyote ya umma. Wito wa mahakama uliletwa Mnero na kijana wa pikipiki. Apolinari akaushika juu chini. Akauweka pale mezani alipokuwa akiiweka mikataba Marselina aisome. Ukakaa hapo. Hakuna aliyekuja kuusoma.

Mwisho akaenda Nachingwea mjini, kwa Shamimu, binti msaidizi wa kisheria mwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule. Shamimu alisoma wito, kisha mkataba, kimyakimya, kwa macho tu. Apolinari alichukia hilo. Alizoea karatasi isomwe kwa sauti.

"Baba," Shamimu akasema, "kuna kifungu hapa. Fundi akiona kifaa hakifai, atasimamisha kazi na kutoa taarifa kwa maandishi kwa kamati na kwa injinia. Ulifanya hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa maandishi?"

"Naandikaje? Nilisema kwa mdomo. Mbele ya kijiji kizima."

"Ulisemaje hasa? Nipe maneno yenyewe."

Akampa. Unga wa muhogo, nyanya, nyumba kulala kabla yako. Shamimu akacheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo.

"Samahani, baba."

"Cheka. Hata wewe cheka. Mlizaliwa na simu mkononi, mtajua nini."

"Baba, usinikasirikie mimi. Mimi niko upande wako. Neno la mdomo mahakama inaweza kulisikia. Lakini lazima hakimu aamini kwamba uliyemwambia alijua ameonywa. Nani atasimama kusema alijua?"

"Mbaruku."

"Si ndiye mwenyekiti wa kamati? Ndiye anayekushtaki."

"Ni mtani wangu."

Shamimu akarudi kwenye mkataba, akaweka kidole.

"Una fimbo moja nzuri," alisema. "Mchanga ni wao. Mkataba unasema vifaa ni juu ya kijiji. Ishike hiyo. Waambie mgawane kosa. Hilo la onyo, baba, usiling'ang'anie sana."

"Hilo ndilo ninalolitaka," Apolinari akasema. "Kujenga nitajenga. Nimejenga maisha yangu yote. Ninataka iandikwe kwamba niliwaonya. Nisife naitwa fundi asiyejua unga na mchanga."

"Na usipandishe sauti pale."

"Sauti yangu hujaisikia."

Siku ya shauri chumba kilijaa. Watu walikuja na lori kutoka kijijini, lori ambalo halikupatikana kubeba mchanga. Apolinari aliliona limeegeshwa nje, akatema mate.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa ule, mwenye kusikiliza akiwa ameshika kidevu. Alimsikiliza injinia kwanza. Valentina hakuzunguka. Alisema aina ile ya mchanga haifai, alisema mbao zilichelewa na hilo si kosa la fundi, alisema ukuta mzuri ungevumilia mvua ile. Akasema pia, macho yake chini: "Niliuliza kama kuna tatizo. Niliambiwa hakuna. Ningeutazama mchanga mwenyewe. Sikuutazama."

Apolinari akamheshimu kwa hilo. Hakutegemea.

Kisha akasimama Mbaruku, kofia mkononi.

"Fundi anasema alikuonya," hakimu akasema. "Alisema au hakusema?"

"Alisema, mheshimiwa."

Apolinari akavuta pumzi. Shamimu, aliyekaa nyuma, akanyanyua shingo.

"Alisema nini?"

Mbaruku akarudia yote. Alirudia bila kupunguza, na unga, na nyanya, na mkeka, na pua. Hakuweza kuyarudia vibaya. Mdomo wake ulizaliwa kwa ajili ya maneno kama yale. Watu wakaanza kucheka. Karani alicheka. Hakimu mwenyewe akauma mdomo.

"Wewe ulielewaje?" hakimu akauliza kicheko kilipokwisha.

Mbaruku akazungusha kofia. Nyuma yake kijiji kizima, mtendaji, Bi Swaumu, yule mjamzito ambaye sasa alikuwa na kichanga kilichozaliwa njiani.

"Ni mtani wangu, mheshimiwa. Mtani akisema, tunacheka."

"Hukujua kama anakuonya?"

"Nilijua anatania."

Apolinari akasimama. Hakimu akamgeukia.

"Fundi. Siku ile wewe ulijua mchanga ni mbaya?"

"Nilijua."

"Ukajenga?"

"Nilisema kwanza."

"Nimesikia ulivyosema. Nauliza ukishasema. Ulijua ni mbaya, na ukaendelea kujenga, wiki baada ya wiki. Nani alikushika mkono?"

Apolinari akafungua mdomo. Jibu lilikuwapo. Jibu lilikuwa jasho shingoni mwa wanawake. Jibu lilikuwa Bi Swaumu amekaa chini anacheka na ndoo yake inaviringika. Jibu lilikuwa nyumba ya Mnero, ile meza, na mtu ambaye angemwambia simama, hapa panakufunga. Lakini jibu lile halikuwa na Kiswahili cha mahakamani. Na kwa kuwa halikutoka, hasira ikatoka badala yake.

Hakumgeukia hakimu. Alimgeukia Mbaruku.

"Ulipoingia kwenye kaburi la mke wangu ukalala," alisema, "nilikuita mwendawazimu?"

"Fundi, ongea na mahakama," hakimu akasema.

"Nilisema huyu anacheza na maiti yangu? Nilielewa. Nilielewa unanibeba. Kicheko chako nilikifungua palepale, nikakuta wewe umo ndani. Changu umekifanyaje? Umekifanya kichekesho cha mahakama."

"Apolinari," Mbaruku akasema chini chini.

"Usiniite. Kuanzia leo mimi si mtani wako. Ukiniona njiani nisalimie kama unavyomsalimia mnunuzi wa korosho. Habari, nzuri, pita. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Hakimu hakuelewa uzito wa neno lile. Alimwamuru akae, akamwonya kwa kupandisha sauti. Lakini Wamwera mle ndani walielewa. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni alitoka nje kama mtu aliyeona nyoka. Mtu huachana na mke, hugombana na ndugu wa tumbo moja. Utani hauachwi. Hakuna anayejua unaachwaje.

Hukumu ikasomwa siku nyingine. Shamimu alisimama nyuma yake, akimwelezea kila kipande kwa kunong'ona. Mchanga ulikuwa wa kijiji, kwa hiyo vifaa vipya ni juu ya kijiji, na safari hii injinia aukubali mchanga kwanza kwa maandishi. Kazi ni juu ya fundi, ajenge upya ukuta kwa mikono yake. Ombi la kumzuia kazi za umma likakataliwa.

"Umeshinda nusu, baba," Shamimu akanong'ona. "Zaidi ya nusu."

"Na onyo?"

Shamimu akamwonyesha hakimu kwa kidevu. Hakimu alikuwa bado anasoma. Akafika kwenye onyo.

"Mahakama imeona kwamba maneno yalitamkwa, lakini kwa namna ambayo hayawezi kuhesabiwa kuwa onyo. Fundi alijua kasoro ya mchanga na hakutoa onyo."

Hakutoa onyo. Limepigwa muhuri. Apolinari akatoka nje kabla ya kuambiwa.

Alikuwa anatafuta bodaboda wa kumrudisha Mnero, Mbaruku alipomfuata. Alitembea haraka mpaka kanzu ikamnasa miguuni.

"Simama, Mngoni."

"Habari," Apolinari akasema. "Nzuri. Pita."

"Nililifungua."

Apolinari akasimama.

"Nililifungua siku ileile," Mbaruku akasema. Macho yalimwiva. "Kabla hata ya magharibi. Nilienda mwenyewe korongoni, nikashika mchanga, nikaona. Sikula. Nikajiuliza nikawaambieje wanawake. Lori hakuna. Nikiwaambia wamwage, wataniuliza wodi iko wapi, na mimi sina. Nikasema, Mngoni anajua kazi. Kama kweli ni mbaya kiasi hicho, asubuhi atagoma. Nikangoja ugome."

"Na mimi nikangoja ukataze."

"Hukugoma."

"Hukukataza."

Pikipiki mbili zikapita kati yao na mtaro wa maji ya barabarani. Wote wawili walisubiri zipite, kwa adabu, kama watu wazima.

"Injinia alipouliza kuna tatizo," Apolinari akasema, "ulijibu nini?"

"Na wewe juu ya jukwaa ulijibu nini?"

Hapo Apolinari alimshika ukosi wa kanzu. Mkono wenyewe ulikwenda. Mkono wa tofali ni mzito; Mbaruku akanyanyuka kidogo kwenye visigino. Watu wakageuka kutazama.

"Mle ndani," Apolinari akasema, uso kwa uso, "hakimu alipokuuliza. Neno moja. Nilielewa. Hilo tu ungelisema, ningejenga ukuta wenu mpaka nife juu yake."

"Kijiji kizima kilikuwa nyuma yangu."

"Na mimi nilikuwa mbele yako."

Mbaruku hakujitoa mikononi mwake. Alijaribu kitu kimoja, alichokuwa anajua kukifanya kuliko vyote. Akatabasamu, tabasamu bovu, akasema, "Haya, basi niue. Ila kanzu hii ya mkopo, Mngoni, utadaiwa wewe."

Wakati mwingine wowote Apolinari angecheka. Kicheko kilikuja kweli, kikafika kifuani, kikakuta mlango umefungwa. Akamwachia ukosi. Akaupangusa kwa kiganja, kama mtu anavyopangusa kitu cha mtu asiyemjua.

"Pita, mwenyekiti," alisema.

Mvua zilipokwisha alirudi Ruangwa kujenga. Alilala kwenye chumba cha stoo ya kijiji, alipika mwenyewe, alianza kazi kabla jua halijawa kali. Mchanga wa mtoni ulikuja na lori. Valentina akaja siku hiyohiyo, akautia kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akangoja aone kama una udongo, akatia saini. Mbaruku hakuonekana kwenye jengo. Kamati ikapata mwenyekiti mwingine, mtu wa kuitikia ndiyo.

Ukuta ukapanda. Ulipofika usawa wa dirisha, mchanga wa lori ukawa unaishia. Asubuhi moja wanawake wakapanda kutoka upande wa mikorosho. Wachache, si kama wa mwanzo. Ndoo vichwani. Hawakuimba. Mbele yao Bi Swaumu. Alitua ndoo, akajinyoosha mgongo, akamtazama fundi.

"Shikamoo, dada," Apolinari akasema.

"Marahaba. Tumeona unaishiwa, mdogo wangu. Tumekuletea wa kumalizia."

Apolinari akachota konzi, akasugua. Kiganja kikawa chekundu.

Alimtazama. Jasho lilikuwa palepale shingoni. Nyuma yake wanawake wengine wamesimama na ndoo zao kichwani, hawajatua, wanasubiri. Yule mama kijana alikuwamo, mtoto mgongoni amelala na kichwa kimeangukia upande. Kila mmoja alikuwa anamtazama mdomo.

"Mchanga huu una udongo," Apolinari akasema. "Mwageni. Rudini nao."

Bi Swaumu akajaribu kucheka.

"Unatania, au?"

"Sitanii."

Kicheko chake kikasimama nusu. Alimtazama tena, kama anatafuta usoni mwake kitu ambacho zamani kilikuwapo. Kisha akainama, taratibu kwa sababu ya magoti, akaishika ndoo kwa masikio yake mawili, akaimwaga kando ya njia. Wenzake wakamwaga. Moja, nyingine, nyingine. Vumbi jekundu likapanda mpaka magotini mwao.

"Ungetuambia mapema," yule mwenye mtoto akasema, si kwa ubaya.

Apolinari akaokota mwiko. Alikuwa na jibu, safari hii kwa Kiswahili kizuri tu, na lilikuwa kali. Akalimeza. Akarudi kwenye ukuta, akapanga tofali, akaipiga kwa mpini wa mwiko mpaka ikakaa. Akaweka pima maji juu yake. Wanawake wakateremka korongoni kwa njia ileile, ndoo tupu mikononi, mpaka wakapotea nyuma ya mikorosho.